Saa Iliyokuwa Ikipokea Simu

Tarehe 1 Julai 2022 kampuni ya simu ya Ufaransa, Orange, ilizima namba 3699. Ukiipiga namba hiyo hukuwa unampata mtu. Ulisikia sauti iliyorekodiwa ikikutajia saa, dakika na sekunde, halafu inafuata milio mifupi, na mlio wa nne ukilia ndipo saa uliyotajiwa imetimia. Hakuna salamu wala kwaheri. Huduma hiyo ilianza Februari 1933, ikawatajia Wafaransa saa kwa miaka 89. Vita kuu ikaja ikapita, televisheni ikaingia, kompyuta ikaingia, nayo ipo tu.

Habari hizo nilizisoma kwenye simu ya mjukuu wangu, nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza, "Bibi, kuna nini?" Nikamwambia kazi iliyokuwa ikifanywa na mashine hiyo ya Paris mimi niliifanya kwa mdomo wangu, nilipokuwa opereta wa simu mkoani Tanga. Hakuamini. Yeye amezaliwa akaikuta saa iko kiooni mwa simu. Kumpigia mtu ili umuulize saa ni jambo lisilomwingia akilini.

Nayaandika haya kwa ajili yake na wenzake, na kwa wakubwa wenye mamlaka ya kuzima mitambo. Saa ya simu ni moja tu kati ya mitambo mingi ya mawasiliano iliyozeeka na inayoondolewa duniani kote. Namna ilivyoondoka ina funzo kwa sisi tunaotuma na kupokea pesa kwa simu za kitochi.

Dada wa simu, nitazamie saa

Niliajiriwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika, na simu za Tanzania Bara ziko mikononi mwa Shirika la Posta na Simu. Nikapelekwa mji mmoja wa katani. Eksichenji yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta: ubao wa wima wenye matundu, mbele yake kamba zenye plagi za shaba, na mimi nimevaa hedifoni iliyonibana utosi tangu naingia zamu mpaka natoka.

Wateja walikuwa na simu za kukoroga. Mtu akizungusha mpini wa simu yake, umeme unaotokana na mkono wake unasafiri kwenye waya hadi kwenye ubao wangu, na kifuniko kidogo chenye namba yake kinaanguka: ta! Nachomeka plagi chini ya kifuniko hicho, nasema, "Namba tafadhali." Akitaka mtu wa mjini hapo hapo, nachukua ncha ya pili ya kamba naichomeka kwenye tundu la anayemtaka, namkorogea alie. Wakimaliza, anakoroga tena kidogo ili nijue nichomoe.

Simu za mbali, yaani za Dar es Salaam, Arusha au Mombasa, zililipiwa kwa vipande vya dakika tatu tatu. Kila moja niliiandikia tiketi: namba ya mpigaji, anakopiga, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Kwa hiyo saa ya ukutani ilikuwa ndiyo mizani ya duka letu; ikipotoka, ama mteja anapunjwa ama shirika linapunjwa. Tuliirekebisha kwa redio. Idhaa ya Kiingereza ya BBC ilipiga milio sita ya saa ya Greenwich, na ilipotimia saa kumi na mbili jioni kwetu, kule ni saa tisa alasiri, msimamizi wetu alikuwa amesimama juu ya kiti, kidole kwenye mshale, anasubiri mlio wa mwisho. Milio hiyo ilianza kurushwa hewani Februari 1924, na haikuwafaa watangazaji peke yao. Manahodha, mastesheni masta na watu kama sisi tuliishi kwayo.

Watu wakajua kwamba saa ya eksichenji haidanganyi. Mwalimu mkuu alinikoroga asubuhi kabla ya kengele. Karani wa kiwanda cha katani alinikoroga kabla ya kupuliza king'ora cha zamu. Mwezi wa Ramadhani, mawingu yakitanda, msikiti wa karibu ulituma mtoto dirishani. Na usiku wa manane, kulikuwa na bibi mmoja, mjane wa mfanyabiashara, macho yalikuwa yameanza kumwishia. Kifuniko chake kikianguka nilijua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie saa."

"Saa tisa na robo, bibi."

"Ahaa. Kumbe bado."

Basi. Anakoroga, nachomoa. Kwenye daftari la simu hakuna mahali pa kuandika simu ya namna hiyo, kwa kuwa haikuwa na malipo. Kwa hesabu za ofisi, bibi yule hakupiga simu kabisa.

Mwanamke aliyeuza saa London

Kumbe kabla ya mashine, hata kwenye miji mikubwa ya dunia, saa ilikuwa na mtu wake. London kulikuwa na familia ya Belville. Baba, John Henry Belville, alifanya kazi kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, na tangu mwaka 1836 alikuwa akiibeba saa iliyorekebishwa kituoni hapo na kuipeleka kwa mafundi saa waliomlipa ili walinganishe za kwao. Alipofariki, mjane wake Maria akaendelea. Baada ya Maria akaja binti yao, Ruth. Saa ya mfukoni aliyoitumia ilikuwa imetengenezwa na fundi mashuhuri John Arnold, naye akaipa jina, akaiita Arnold tu, mtu na mwenzake. Kila wiki Ruth alikwenda Greenwich kuilinganisha, kisha akatembea mitaani kuwapelekea wateja wake. Telegrafu ilikuwapo, redio ikaingia, yeye bado anatembea. Alistaafu miaka ya Vita Kuu ya Pili, akiwa kikongwe.

Nampenda Ruth Belville kwa sababu ya wateja wake. Mitambo mipya ilikuwapo na walikuwa na uwezo wa kuilipia. Wakaendelea kumlipa yeye kwa kuwa hakuharibika, hakuhitaji waya, na akikosea ungeweza kumwambia usoni.

Mashine inafundishwa kusema

Aliyetuanzishia saa ya simu inayojiendesha alikuwa Ernest Esclangon, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha Paris. Hakuifanya kwa kupenda makuu. Wakazi wa Paris walikuwa wakipiga simu kituoni kwake kuuliza saa, wakaiziba laini mpaka wanaastronomia wenyewe hawapatikani. Esclangon akaona dawa ni mashine ya kuwajibu. Sinema za sauti zilikuwa zimeingia miaka michache tu nyuma, akaazima ufundi wake: sauti ikachapwa kama michirizi ya weusi na weupe, ikazungushwa mbele ya taa, na mwanga ukageuzwa kuwa umeme, na umeme ukageuzwa kuwa sauti. Aliyesoma maneno alikuwa mtangazaji wa redio, Marcel Laporte.

Siku ya kwanza, tarehe 14 Februari 1933, zilipigwa simu zaidi ya 140,000. Zilizojibiwa ni kama 20,000 tu. Waliobaki walikuta laini inatumika. Sijui opereta yeyote asiyeielewa siku hiyo.

Waingereza walifuata Julai 1936. Kwenye simu za London za kuzungusha, kila tundu la kidole lilikuwa na herufi pamoja na tarakimu, kwa hiyo mtu alizungusha T, I, M akapata saa. Ili kupata sauti, posta ya Uingereza iliwashindanisha maopereta wake, na mmoja wa waamuzi alikuwa John Masefield, mshairi wa taifa lile. Akashinda Ethel Cain, opereta wa eksichenji ya Victoria. Maneno yake yalichapwa kwenye sahani za kioo, vipande vipande: saa peke yake, dakika peke yake, sekunde peke yake. Mashine ndiyo iliyoviunga. Kwa hiyo sentensi aliyoisikia mteja, Ethel hakuwahi kuitamka yote kwa mfululizo. Alikuwa ameacha viungo, mashine inapika.

Saa hiyo haikupotoka zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na wakubwa waliitegemea kama watu wa kawaida. Walinzi wa Big Ben, ile saa ya mnara wa Bunge la Uingereza, walikuwa wakiipigia simu kujua kama mnara wao umekwenda mbele au umerudi nyuma. Wakikuta umepotoka waliweka au kuondoa senti za zamani juu ya pendula; senti moja hubadilisha mwendo kwa sekunde 0.4 kwa siku. Saa kubwa kuliko zote mjini inapiga simu kuuliza saa kwa sauti ya opereta! Nikiwasimulia wenzangu wa zamani hili, wanapiga makofi.

Kilichoiondoa

Ukimuuliza kijana, atakwambia simu ya mkononi ndiyo iliyoiua. Ni kweli kwa nusu. Wapigaji walipungua, hilo halina ubishi. Lakini huduma ndogo yenye wapigaji wachache inaweza kuendelea miaka na miaka kama mtambo wake hausumbui. Uingereza mpaka leo ukipiga 123 unatajiwa saa. Uswidi nako, huduma iliyoanza mwaka 1934 ingali inasema.

Tazama mahali ilipozimwa. California ilizimwa Septemba 2007, Ireland Agosti 2018, Australia mwisho wa Septemba 2019, Ufaransa 2022. Nchini Australia kampuni ya Telstra ilieleza kwamba huduma hiyo haipatani na mtandao mpya. Ufaransa walitaja wapigaji kupungua na vifaa kuchakaa. Ndivyo mtambo wa mawasiliano unavyokufa: kwanza wateja wanapungua, kiwanda kinaacha kutengeneza vipuri, mafundi waliojua kuurekebisha wanastaafu, na chini yake unawekwa mtandao mpya usioujua. Siku ya kuzimwa inapofika, hakuna anayeuliza kama unafanya kazi. Linaloulizwa ni nani ataurekebisha ukiharibika kesho.

Sisi tulilijua hilo mapema. Kamba ya swichibodi ikichakaa, nyuzi za ndani zinakatika na mteja anasikika kama yuko kisimani. Fundi wetu alikuwa na sanduku la kamba zilizokufa. Akihitaji plagi, anakata humo. Siku sanduku litakapokwisha, tulijua na eksichenji itakwisha.

Umeme unaokuja na waya

Baadaye nilihamishiwa eksichenji ya kujiendesha, isiyohitaji mtu wa kuchomeka. Mitambo ya namna ile asili yake ni ya Mmarekani mmoja, Almon Strowger, aliyepewa hataza mwaka 1891. Strowger alikuwa mtayarishaji wa mazishi, na inasimuliwa kwamba alishuku opereta wa mjini kwake, aliyekuwa na uhusiano na mshindani wake, anawapeleka wafiwa kwa huyo mshindani. Akabuni swichi ili mteja ajiunganishie mwenyewe. Kwa hiyo mtambo uliotutoa kazini ulizaliwa kwa hasira dhidi ya mtu wa kazi yangu. Sina kinyongo. Strowger aliona mbali.

Kwenye jengo lile kulikuwa na chumba cha betri, kimejaa harufu ya asidi, betri kubwa zimepangwa safu kwa safu. Watu wengi hawajui siri ya simu ya mezani ya waya wa shaba: umeme wake hautoki ukutani mwa nyumba. Unatoka eksichenji, volti 48, unapita kwenye waya ule ule unaobeba sauti. TANESCO wakikata, mji mzima gizani, ukinyanyua mkonga unasikia mlio. Ndiyo maana hospitali, polisi na zimamoto waliing'ang'ania simu ile hata baada ya simu za mkononi kuenea.

Nchi nyingi sasa zinauondoa waya huo na kuhamishia simu za mezani kwenye intaneti. Sauti ni safi, gharama ni nafuu, na nyuzi za kioo zinazobeba intaneti hazimtamanishi mwizi. Ila kifaa cha intaneti kinakula umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika, na simu imekatika, labda mtu awe na betri ya akiba.

Uingereza wamejifunza hilo kwa shida. Walipanga kuzima mtandao wa zamani wa simu za mezani mwishoni mwa 2025. Wakasahau uzito wa kidude kimoja: kitufe ambacho wazee na wagonjwa huvaa shingoni, wakianguka wanakibonyeza, nacho kinapiga simu kuomba msaada kupitia laini ya mezani. Kuna watu takribani milioni 1.8 wanaotegemea vifaa hivyo. Laini zikahamishwa, baadhi ya vitufe vikabaki vimevaliwa shingoni bila kuunganishwa popote, na watu wakapata madhara. Desemba 2023 kampuni kubwa za simu zikakubali kusimamisha kuwahamisha watu wasioridhia, na tarehe ya mwisho ikasogezwa mpaka Januari 2027.

Kwetu waya wa shaba uliondoka bila mkutano wala tarehe. Wezi walianza mapema: mafundi wanavuta mchana, usiku unakatwa na kwenda kwa wauza vyuma chakavu. Tatizo la kuhujumu miundombinu likawa kubwa kiasi kwamba Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, hasa baada ya nguzo za umeme kuangushwa. Lakini tusiwasingizie wezi kila kitu. Simu ya mezani Afrika Mashariki haikuwahi kufika kwa watu wengi. Ulijaza fomu, ukasubiri, watoto wakakua. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilipoanza Tanzania, mwaka 1994, na wengine wakafuata, watu waliruka kutoka kutokuwa na simu kabisa hadi simu ya mfukoni. Vibanda vya simu za kadi vilipata miaka michache tu ya foleni, kisha vikageuka kuwa mahali pa kubandikia matangazo ya mikutano ya injili.

Simu ya maandishi, yaani telegramu, nayo ikaenda zake. Niliwahi kuzipokea kwa mdomo na kuziandika: kila neno linalipiwa, kwa hiyo msiba mzima unaingia kwenye maneno manne, BABA AMEFARIKI NJOO UPESI. India, iliyokuwa na huduma hiyo tangu enzi za katikati ya karne ya 19, ilipoifunga Julai 2013 watu walipanga foleni kutuma ya mwisho, wengi wao wakiwa hawajawahi kutuma hata moja.

Kitochi ndicho kinachofuata

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mtambo mkongwe tulio nao sasa ni ule unaoitwa 2G. Mtandao wa kwanza wa aina hii, wa mfumo wa GSM, ulianza kazi Finland mwaka 1991. Kwa umri wa mitambo ya mawasiliano, huyo ni mzee. Nchi kadhaa zimeshauzima au zimeshatangaza tarehe, kwa sababu masafa ya hewani unayoyashika yanaweza kubeba mambo mengi zaidi yakipewa 4G na 5G.

Sasa mtazame mama muuza samaki. Simu yake ni kitochi, chaji inakaa siku kadhaa. Mteja wake wa Dodoma amemtumia pesa. Anabonyeza nyota 150 nyota 00 reli, menyu inamjia, anachagua namba, anaweka siri, kazi imekwisha. Hana bando wala intaneti. Menyu hiyo inaitwa USSD, na haipiti kwenye njia ya data. Inapita kwenye njia ndogo ya pembeni ambayo mtandao wa GSM unaitumia kujipangia mambo yake: nani yuko mnara gani, nani anapigiwa. Ujumbe mfupi nao hupita njia hiyo hiyo, ndiyo maana herufi zake zimewekewa kikomo cha 160, na za menyu 182. Ni njia nyembamba, ya zamani, na juu yake tumejenga benki ya watu wasio na benki.

Mwenye simu janja naye asijione yuko salama. Simu nyingi za 4G, mwenyewe akibonyeza nyota na reli, hushuka kimyakimya kwenye mtandao wa zamani, zinamaliza kazi, kisha zinapanda tena. Mashine za malipo madukani, vifaa vya kufuatilia magari na mita kadhaa zinazosomwa kwa mbali navyo vimekaa humo humo kwenye 2G, na wenye navyo aghalabu hawajui.

Australia walikutana na jambo la aina hii walipozima 3G, Oktoba 2024. Kukagundulika kuna simu zinazopiga vizuri kabisa kwa 4G, mwenyewe anaongea na ndugu zake kila siku bila shida, lakini akipiga 000, namba ya dharura, simu hiyo hutafuta 3G peke yake. Mtandao huo ukizimwa, simu inafanya kazi siku zote isipokuwa siku nyumba inawaka moto. Ikabidi simu za namna hiyo zifungiwe mtandaoni ili wenye nazo walazimike kubadilisha.

Hata saa yenyewe, ile inayomtosha mjukuu wangu kiooni, ina mtambo nyuma yake. Simu inaipokea kutoka mnara, na mitandao ya simu hujilinganisha na saa za atomiki, mara nyingi kwa kupitia setilaiti. Saa ya atomiki huhesabu mitetemo ya atomi za sizi (cesium), 9,192,631,770 kwa kila sekunde. Bibi yangu wa saa tisa na robo hakuhitaji usahihi wa namna hiyo. Lakini hata huko kuna uzee: mfumo wa setilaiti wa GPS ulipobuniwa, hesabu ya wiki zake ilipewa nafasi ya wiki 1,024 tu, kisha inaanza upya. Ilipoanza upya tarehe 6 Aprili 2019, vifaa vya zamani ambavyo havikuandaliwa vilichanganyikiwa, na mtandao wa mawasiliano wa idara za jiji la New York ukalala kwa siku kadhaa. Tatizo lilijulikana tangu siku ya kwanza, na tarehe yake pia.

Aliyebaki ni nani?

Sisemi mitambo ya zamani isizimwe. Mimi mwenyewe ni mtambo uliozimwa, na simu ninayopiga leo kwa mwanangu aliyeko Muscat, tukaonana nyuso, singeibadilisha na ubao wa kamba hata kwa mshahara. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kuzima hufanywa kwa kutazama idadi: wapigaji wamepungua kutoka hapa hadi pale. Idadi hukwambia wamebaki wangapi. Haikwambii wamebaki akina nani, wala kwa nini hawajaondoka. Kwenye huduma yoyote iliyozeeka, wenye uwezo wa kuhama wameshahama. Waliobaki ni asiyeona, asiye na pesa ya simu janja, aliye mbali na mnara mpya, na mashine iliyofungwa ukutani ambayo mwenyewe alishaisahau.

Opereta aliwajua watu hao kwa majina. Kompyuta za siku hizi zinaweza kuwajua vizuri zaidi, kama mtu atakaa aziulize: ni namba zipi bado zinafungua menyu ya pesa kwa 2G, ziko wilaya gani, zinatumika saa ngapi, na mwenye simu hiyo akitakiwa kununua nyingine atatoa wapi pesa. Hata simu ya 4G yenye vibonye ni gharama mpya kwa mtu ambaye kitochi chake kizima. Maswali hayo yakiulizwa mapema, kampuni inaweza kupunguza bei ya simu, kuijaribu menyu kwenye mtandao mpya kijiji kwa kijiji, na kuwafundisha mawakala wa pesa kabla wateja hawajakwama dirishani.

Waingereza walisimama katikati ya safari baada ya watu kuumia. Waaustralia waliligundua shimo wakiwa wamekaribia ukingo. Sisi tumechelewa kufika kwenye zamu hii, na kwa mara moja kuchelewa kumetufaa, maana makosa ya waliotangulia yameandikwa na yanasomeka. Kazi ya kuwatafuta waliobaki ianze sasa, 2G ikiwa bado inafanya kazi, ili tukiwapigia kuwauliza, simu zao ziite.